Bei Si Faida: Hesabu ya Ploti na Nyumba za Kupanga Isiolo



Nimeombwa nizungumzie hesabu za uwekezaji katika ardhi na nyumba. Nitazipiga kwa mifano ya hapahapa Isiolo, kwa sababu hesabu ya nyumba ya Kilimani, Nairobi, haiwezi kumwongoza mtu mwenye ploti Kambi Garba. Maji yakikosekana, hati isipokuwapo, na saruji ikisafiri karibu kilomita 300 kutoka viwanda vya Athi River, kila tarakimu inabadilika. Tarakimu za bei na kodi nitakazotumia ni za mfano tu. Kila mtu aweke za mtaa wake mahali pa zangu. Viwango vya ushuru na maneno ya sheria ni vya kweli.

Katika mji huu kuna usemi unaowatoa watu pesa mfukoni kuliko tangazo lolote: ploti haifi. Hatuna haki ya kuubeza. Wanaousema wamezika ng'ombe. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo, na katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mzee aliyekuwa na ng'ombe 60 akabaki na 7, kisha akamwona jirani aliyeuza mapema akanunua ploti, na ploti ile bado ipo, nani atamwambia kwamba jirani alikosea? Ploti haifi, ni kweli. Ila pesa uliyoitia ndani yake inaweza kupungua nguvu mwaka baada ya mwaka huku wewe ukiambiwa kwamba bei imepanda. Hilo ndilo nililolijia leo.

Tuanze na bei zenyewe, na jinsi zilivyopanda. Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi iliishia hapa. Ukivuka kizuizi cha polisi, mbele ni vumbi na mawe hadi Moyale, kilomita 500 hivi. Mwaka 2008 Ruwaza ya 2030 ikaitaja Isiolo miongoni mwa miji ya kitalii itakayojengwa. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua mradi wa LAPSSET kule Lamu: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, na Isiolo ikawa fundo la kamba zote hizo. Mwaka uliofuata serikali za kaunti zikaanza kazi, na makao makuu ya kaunti hii yakawa hapa mjini. Watu wakaanza kuja na magari ya namba ngeni wakiulizia ploti. Madalali wakazaliwa usiku mmoja. Mwanaanthropolojia Hannah Elliott, aliyefanya utafiti hapa miaka hiyo, alichapisha mwaka 2016 makala kuhusu jinsi ardhi ya pembezoni mwa mji ilivyogeuzwa kuwa ploti kwa kungojea maendeleo yaliyoahidiwa.

Sasa tuangalie ahadi zilifika wapi. Barabara ya Moyale ilikamilika kwa lami kufikia 2017, na hilo ni jambo kubwa. Uwanja wa ndege ulifunguliwa Julai 2017. Bandari ya Lamu ilipata gati lake la kwanza Mei 2021. Lakini mji wa kitalii wa Kipsing Gap haujajengwa. Reli haijafika. Na bomba la mafuta ambalo lingepita hapa likitoka Uganda lilipotea Aprili 2016, Uganda ilipoamua kulipeleka Tanga, Tanzania. Aliyenunua ploti 2013 kwa sababu ya bomba, alilipa bei ya kitu ambacho miaka mitatu baadaye kiliamuliwa mahali pengine kabisa, na hakuna aliyekuja kumrudishia tofauti.

Hata barabara, ambayo ilifika kweli, ina pande mbili. Ilipokuwa mbovu, dereva wa lori la Moyale alilazimika kulala Isiolo, ale hapa, atengeneze gari hapa. Siku hizi akiondoka Nairobi alfajiri anaweza kulala Marsabit. Anayejenga gesti hausi kwa hesabu za zamani anajenga kwa ajili ya msafiri ambaye sasa anapita tu. Kwa hiyo mradi wa serikali ukitangazwa, usiulize utaleta nini tu. Uliza utamwondoa nani, kisha uulize iwapo pesa zake zimetengwa katika bajeti ya mwaka huu au ziko katika hotuba.

Twende kwenye hesabu ya kwanza, ya ploti tupu. Tuseme mwalimu mmoja alinunua ploti ya futi 50 kwa 100 mwaka 2012 kwa shilingi 400,000. (Tunaiita robo ya nusu ekari, lakini futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na sehemu moja ya nane ya ekari ni 5,445. Tayari umepungukiwa kabla ya kuanza.) Akamlipa wakili, msoroveya na ada nyingine 40,000. Akaweka ua na kibanda cha mabati, 60,000. Jumla ametoa 500,000. Mwaka 2024 akauza kwa 1,200,000, na dalali akachukua 60,000. Amebaki na 1,140,000.

Mtaani watasema mwalimu ametoa laki nne akapata milioni moja na laki mbili, amepata mara tatu. Penseli inasema vingine. Laki tano zimekuwa 1,140,000 kwa miaka 12, yaani pesa yake ilikua kwa kama asilimia 7 kwa mwaka. Ipo njia rahisi ya kupima bila kikokotoo: gawanya 72 kwa kiwango cha ukuaji, utapata takriban miaka ambayo pesa huchukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 7, ni miaka 10 na kidogo. Katika miaka hiyohiyo mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa kama asilimia 6. Kwa hiyo ukuaji wa kweli, ule unaoweza kununua unga na mafuta zaidi ya ulivyonunua 2012, ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Mwalimu hakupoteza. Alihifadhi. Kuhifadhi ni jambo jema, hasa kwa mtu ambaye pesa zikiwa mkononi zinakwisha kwa michango. Ila asiseme kwamba alipata mara tatu, kwa sababu kijana anayemsikiliza atauza ngamia wawili wa maziwa afuate mfano huo.

Na hapo bado sijagusa jambo ambalo Waislamu waliomo humu ndani wanalijua, lakini sijaona mtu akiliandika katika hesabu zake. Ploti iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni mali ya biashara. Kwa kauli ya wanazuoni wengi inatolewa zaka kila mwaka, asilimia 2.5 ya thamani yake ya mwaka huo, si ya bei uliyonunulia. Ploti ya 1,200,000 ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Mtoe mwalimu wetu asilimia hizo 2.5 katika ukuaji wa asilimia 7, umebaki na 4 na nusu, chini ya mfumuko wa bei. Nyumba ya kupangisha hukumu yake ni tofauti, kwa kuwa zaka huangalia kodi iliyokusanywa ikabaki. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kununua, kwa kuwa nia unayonunua nayo inabadilisha gharama.

Hesabu hiyo yote ilidhani kwamba mwalimu ana hati. Sasa tufike kwenye karatasi, na hapa nitakawia.

Tembeeni nje kidogo ya mji, upande wowote. Mtaona ua wa miiba, mawe manne ya pembeni yamepakwa rangi nyeupe, na katikati chumba kimoja cha mabati chenye kufuli. Ndani hakuna mtu wala kitanda. Chumba kile kazi yake ni kusema: hapa pana mwenyewe. Mwenyewe ana nini mkononi? Mara nyingi ana barua ya mgao, pengine iliyotolewa enzi za halmashauri ya kaunti ya zamani, pengine nakala tu, pengine na makubaliano ya mauzo yaliyoandikwa mbele ya wazee na kupigwa muhuri. Na mwingine, mtaa wa pili, ana barua yenye namba ileile ya ploti.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu mbili ambazo kila mnunuzi wa Isiolo anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni ya Aprili, kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mahakama ilisema hata hati miliki yenyewe haimlindi aliyenunua, kama ardhi ya umma ilitolewa mwanzoni kinyume cha sheria. Ya pili ni ya Septemba, kesi ya Torino Enterprises, iliyohusu ardhi ya Embakasi, Nairobi, iliyokuwa inakaliwa na jeshi. Torino walikuwa wamenunua kwa kampuni iliyokuwa na barua ya mgao. Mahakama ikasema barua ya mgao peke yake haimpi mtu haki ya ardhi. Ni toleo, na lina masharti: kukubali na kulipa ada zilizotajwa katika muda uliotajwa. Hata ukilipa, huwezi kumhamishia mtu mwingine umiliki mpaka usajiliwe wewe kwanza. Torino wakashindwa. Sisi tunaishi katika mji wenye kambi kubwa za jeshi na mpaka na Meru ambao bado unabishaniwa. Hukumu ile ni kama iliandikwa ikitutazama.

Nje ya mji kuna sheria nyingine. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Anayekuuzia ekari tano za malisho Burat au Ngaremara kwa karatasi ya chifu, hata kama ni mtu mwema wa ukoo wako, anakuuzia kitu ambacho hana.

Watu huniambia, lakini ploti ya barua ni rahisi, na hulipi ushuru wa stempu. Ni kweli: penye hati ndani ya manispaa utalipa asilimia 4 ya thamani, nje ya miji asilimia 2, na penye barua hakuna kinachosajiliwa kwa hiyo hulipi. Lakini hebu tupime urahisi huo. Ndugu wanne wananunua ploti nne za barua, kila moja 500,000. Jumla milioni 2. Wanangoja miaka mitano. Ploti moja inapotea, mwenye namba ileile ametokea na karatasi ya zamani zaidi. Tatu wanaziuza kwa 800,000 kila moja, 2,400,000. Yule aliyeuza atatembea mji mzima akisema amepata faida ya laki tatu, na watu watamwamini kwa kuwa ni kweli. Lakini ukiwaweka ndugu wote wanne katika karatasi moja, faida yao ni 400,000 kwa miaka mitano juu ya milioni 2, chini ya asilimia 4 kwa mwaka. Aliyepoteza hatembei akisema. Ndiyo maana mjini tunasikia faida tu. Ikiwa uwezekano wa kupoteza ni zaidi ya mmoja kati ya wanne, na kuna sehemu ambako ni zaidi, urahisi huo ni hasara iliyocheleweshwa.

Haya, tuseme una hati, upekuzi wa afisi ya ardhi umetoka safi, msoroveya amekuonyesha mawe yake ardhini, na unataka kujenga nyumba za kupangisha. Hapo ndipo Isiolo ina nafasi ya kweli, kwa sababu wapangaji wapo: walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti, familia za askari, madereva, wafanyakazi wa mashirika. Kodi inayolipwa mwezi huu ni faida unayoweza kuishika, si ya kungoja reli.

Ploti milioni 1 na laki 2. Ushuru wa stempu asilimia 4, 48,000. Wakili, upekuzi na msoroveya, 72,000. Hapo ni 1,320,000 na hujaweka jiwe. Ramani na vibali vya kaunti, 100,000. Vyumba vinane vya mawe na mabati, kila kimoja na choo chake ndani, 350,000 kwa chumba, 2,800,000. Kisha vile vitu ambavyo fundi hukuambia tutaviona mbele: tangi la maji, shimo la choo, stima, ukuta na geti, 480,000. Jumla 4,700,000. Ukikuta udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, msingi utaongeza, na sijauhesabu.

Kodi 6,000 kwa chumba. Vyumba vinane, 48,000 kwa mwezi, 576,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa 4,700,000 unapata asilimia 12.3. Hapa ndipo karibu kila mtu anapofunga daftari, na dalali anakusaidia kulifunga. Mimi nawaomba mfungue ukurasa wa pili.

Akina mama wa maziwa ya ngamia, wale wa ushirika wa Anolei na wenzao, hawafungi daftari hapo. Mama anapopakia mitungi kwenye basi la Eastleigh hahesabu lita alizonunua. Anahesabu lita zilizofika bila kuchacha, anatoa nauli, anatoa mkono wa mpakiaji, anatoa deni la mteja asiyelipa, ndipo anasema leo nimepata. Nyumba inataka hesabu ileile, ila maziwa huchacha kwa siku moja na nyumba huchukua miaka, kwa hiyo hatuoni.

Toa kwanza vyumba vitupu na wapangaji wasiolipa. Kwa wastani nimeweka mwezi mmoja na nusu katika mwaka, na mji huu una sababu zake. Hazina ya Taifa ikichelewesha pesa za kaunti, mshahara wa mpangaji wako unachelewa, na kodi inachelewa naye. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya kaskazini yalipunguza watu kwa wiki chache tu. Mwenye vyumba vinane ambavyo vyote vimekaliwa na wafanyakazi wa mashirika hana wapangaji wanane. Ana mpangaji mmoja, na mpangaji huyo yuko Washington. Basi 576,000 inashuka hadi 504,000.

Toa ushuru wa mapato ya kodi. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kabla ya hapo ilikuwa 10. Unatozwa mtu ambaye kodi yake kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15, na unalipwa kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kumbukeni kwamba asilimia hiyo inakatwa katika kodi yote uliyopata kabla ya gharama. Ukirekebisha paa kwa laki moja, KRA haipunguzi chochote. Kwa mfano wetu ni 37,800. Mlinzi anayefagia na kukusanya kodi, 5,000 kwa mwezi, 60,000. Maji ya boza miezi ya kiangazi mfereji ukikauka, nimeweka wastani wa 3,000 kwa mwezi, 36,000. Matengenezo, rangi, vitasa, mabomba, 45,000. Lori la kunyonya choo, 12,000. Ada za ardhi za kaunti na serikali kuu, 6,000. Jumla ya matumizi ni 196,800.

Umebaki na 307,200. Gawa kwa 4,700,000. Ni asilimia 6.5.

Nilipowaonyesha watu tarakimu hii mara ya kwanza walidhani nimewaonea. Sikuwaonea. Asilimia 12.3 na asilimia 6.5 ni nyumba moja, ploti moja, wapangaji walewale. Tofauti ni ukurasa wa pili wa daftari. Kwa asilimia 6.5 pesa yako inarudi baada ya miaka 15 na miezi kadhaa, na mabati yanaweza kudai kubadilishwa kabla ya hapo. Upande wa pili, kodi inapanda pole pole na ploti chini ya nyumba nayo inapanda, kwa hiyo mwenye nyumba anapata njia mbili. Ndiyo maana sisemi msijenge. Nasema mjenge mkijua mnajengea nini.

Mkopo unabadilisha kila kitu. Mwaka 2024 wastani wa riba za benki za Kenya ulipita asilimia 16. Kopa milioni 2 tu kati ya zile 4,700,000, kwa asilimia 16, na riba ya mwaka wa kwanza ni 320,000. Nyumba nzima, vyumba vyote vinane, imekuzalia 307,200. Unafanyia kazi benki na kuongeza 12,800 kutoka mshahara wako, na bado hujalipa hata shilingi moja ya deni lenyewe. Wale wanaokwepa riba wana benki zinazofuata sharia tangu 2008, na njia kama ijara, yaani upangishaji, na ubia unaopungua. Ni jambo la kheri. Hata hivyo sehemu ya benki inatoka katika kodi ileile ya vyumba vilevile, na sheria ya hesabu haibadiliki kwa jina la mkataba. Kama nyumba inazaa asilimia 6.5, hakuna mkataba wa asilimia 14 utakaoibeba.

Ulizeni pia pesa hiyohiyo ingezaa nini kwingine. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa asilimia 18.46, bila ushuru. Milioni 4.7 zingezaa zaidi ya laki 8 na nusu kwa mwaka. Ulikuwa wakati wa pekee, serikali ilikuwa imebanwa, na tangu hapo viwango vimeshuka. Wengi humu hawataigusa kwa sababu ya imani, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini kwao pia swali liko palepale: kundi la mbuzi wa kunenepesha na kuuza wakati wa Idi, duka la dawa za mifugo, gari la kubeba maziwa, vingezaa nini? Kama biashara unayoijua tangu utoto inazaa asilimia 20, kuivunja ili ujenge vyumba vya asilimia 6.5 ni uamuzi wa kununua usalama. Usalama una thamani. Ujue tu bei uliyoulipia.

Nini kinaweza kuinua ile 6.5? Nimejaribu vitu vitatu kwenye mfano wetu. Pandisha kodi hadi 7,000, ukiwa na vyumba vinavyostahili bei hiyo, faida inafika asilimia 8.2. Acha kodi 6,000 lakini punguza upungufu kutoka mwezi mmoja na nusu hadi nusu mwezi, inafika 7.5. Cha tatu ni muda wa kujenga, na hiki ndicho kinachowala watu zaidi. Tuseme ulipanga miezi 10 ukamaliza kwa miaka miwili kwa sababu pesa zilikatika kwenye linta. Umepoteza miezi 14 ya kodi. Kwa faida halisi ya 25,600 kwa mwezi, ni 358,400, zaidi ya faida ya mwaka mzima. Kuta zilizoachwa bila paa zinanyeshewa, mbao za kukodi zinadai, saruji iliyobaki inaganda. Mtu mwenye pesa za vyumba vinne na ajenge vinne, avimalize, aweke wapangaji, halafu kodi ya vinne imsaidie kujenga vingine. Naona magofu mengi ya vyumba vinane mjini, na sijaona mpangaji anayelipia linta.

Kuhusu upungufu wa wapangaji, siri yake Isiolo ni maji. Mpangaji anavumilia rangi mbaya na geti linalolia. Siku ya tatu bila maji anahama. Tangi la lita 10,000 na mifereji mizuri ya kuvuna maji ya paa, mvua zikija, linaweza kurudisha gharama yake haraka kuliko vigae vya sakafuni. Kama fundi wako anataka kupunguza mahali, asipunguze hapo.

Kwa wanaouza, neno fupi: mauzo ya mtu binafsi yasiyozidi milioni 3 hayatozwi ushuru wa faida ya mtaji. Ukipita hapo ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, awali ilikuwa 5. Wekeni risiti za kila gharama mliyotia, kwa sababu huo ushuru, tofauti na ule wa kodi, unakubali gharama zitolewe.

Nina ombi kwa pande mbili. Kwa serikali ya kaunti na afisi ya ardhi: bandikeni hadharani, kata kwa kata, rejista ya ploti zilizopangwa na kupimwa, kila namba na jina lake moja, watu waone na wapinge mapema. Familia nyingi hapa zinashikilia barua na hazijui masharti yake yalitimizwa au la. Na kwa nyinyi mlioketi hapa: mwenye barua ya mgao aende nayo afisini wiki hii, aulize ada zipi hazijalipwa, alipe, adai usajili wake, kabla ya kuongeza hata tofali moja juu ya ploti hiyo. Anayetaka kununua asitoe amana kabla ya upekuzi na msoroveya, hata muuzaji akiwa shemeji. Na anayetaka kujenga aniletee daftari lenye ukurasa wa pili umejazwa. Nitakaa hapa mpaka swala ya magharibi, na kalamu ninayo.